Mlimwomba nani? Jibu kwa akina mama wa Dayton walionyimwa ruzuku

Swali

"Sisi ni akina mama 22, wengi wetu kutoka Kivu Kusini, Kongo, tunaishi Dayton, Ohio. Tangu 2019 tunakusanya watoto kila Jumanne na Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa, tunawasaidia kusoma na kufanya kazi za shule. Tunachanga kila mwezi, na pesa hiyohiyo hutusaidia mwenzetu akifiwa. Mwaka jana tuliingiza dola 6,200. Tumeomba ruzuku kwenye wakfu wa jamii mara mbili. Mara ya pili tuliomba dola 40,000. Mara zote tumejibiwa kwa barua ya mistari mitatu ya kukataliwa. Hatuna cheti cha 501(c)(3), yaani cha shirika la hisani lisilotozwa kodi, ila tuna namba ya EIN na akaunti ya benki. Kuna kijana anatushauri tubadilishe jina la kikundi lisikike la Kimarekani. Tumekosea wapi? Maombi yote mawili nimeyaambatisha."

Jibu

Mama, shikamoo. Maombi yenu nimeyasoma mara mbili, mara ya kwanza nikinywa chai, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Kazi mnayoifanya ni ya kweli, na anayejua watoto wetu wanavyohangaika na kusoma Kiingereza ataiona hata katikati ya maneno mengi. Tatizo ni kwamba kurasa sita zote hazisemi mnamwomba nani, wala mnaomba kutoka pesa ipi. Nimekaa miaka tisa kwenye kamati inayosoma maombi ya namna hii, katika jimbo jingine, na kabla ya hapo nilikuwa mwombaji kama ninyi, na barua za mistari mitatu ninazo faili zima.

Nianze na neno wakfu. Sisi tuliokulia pwani tunalijua tangu utotoni. Mzee ana shamba la minazi, analiweka wakfu kwa msikiti au kwa mayatima, na tangu siku hiyo shamba haliuzwi wala mnazi haukatwi. Kinacholiwa ni nazi. Wakfu wa jamii wa Marekani unakwenda kwa hesabu hiyohiyo: watu wa mji au wilaya moja wanaweka mali yao mahali pamoja, mali inawekezwa, na kinachogawiwa kwa sehemu kubwa ni matunda yake. Wa kwanza ulizaliwa kwenye jimbo lenu hilohilo, Cleveland, mwaka 1914. Aliyeuanzisha, Frederick Goff, alikuwa mwanasheria aliyegeuka mkuu wa benki, na alikuwa ameona mali nyingi za wosia zikikwama kwa sababu marehemu aliacha sharti ambalo wakati umelipita. Akabuni kamati ya wenyeji yenye uwezo wa kuielekeza pesa upya pale haja inapobadilika. Ninyi Dayton mkapata wenu mwaka 1921. Hata Nairobi, wakfu wa maendeleo ya jamii wa Kenya, KCDF, ulioanza 1997 umejengwa juu ya wazo hilo la kuweka mtaji na kula matunda.

Nimewarudisha huko kwa sababu shamba hili lina wenyewe wengi, na kila mmoja aliacha neno lake. Mkiona kwenye tovuti kwamba wakfu una mamilioni ya dola, msidhani ni kapu moja ambalo mkurugenzi anatia mkono. Ndani yake mna mifuko mamia. Upo mfuko huru, ambao bodi ya wakfu yenyewe huamua uende wapi. Huu ndio ambao vikundi vya nje huombea kwa fomu. Upo mfuko wa jambo maalumu, kwa mfano usomaji wa watoto au afya ya wanawake, nao mara nyingi hufunguliwa kwa msimu. Kisha upo mfuko ambao familia fulani iliweka pesa, ikapata nafuu yake ya kodi, na sasa hubaki ikiushauri wakfu nani apewe. Huo hauna fomu. Mnafika kwake kwa kujulikana tu, na anayewajulisha ni ofisa wa wakfu aliyewaelewa. Mingine ni ya kusomesha wanafunzi wa chuo, mingine ni mali ya hospitali au maktaba fulani, na hiyo haiwahusu kabisa.

Ombi lenu la kwanza, Mama, lilipelekwa kwenye mfuko wa kusomesha vijana chuoni. Jina la mfuko limeandikwa juu ya fomu. Watoto wenu wana umri wa miaka 7 hadi 12. Hata lingeandikwa na malaika lingekataliwa, kwa hiyo hilo msilihesabu. Mmekataliwa mara moja tu.

La pili lilikwenda kwenye mfuko huru, mahali panapofaa, na hapo ndipo penye mazungumzo.

Mmeandika kwamba cheti hamna "ila" mna EIN. Hiyo EIN ni namba ya utambulisho tu. Duka la vitenge linayo, kinyozi anayo. Haisemi lolote kuhusu hisani. Wakfu wa jamii wenyewe ni shirika la hisani mbele ya idara ya kodi ya shirikisho, IRS, na ukimpa pesa mtu asiyetambuliwa na idara hiyo unabeba kazi ya kufuatilia na kuthibitisha kwamba kila dola imetumika kwa hisani. Wengi hawaitaki kazi hiyo. Ndiyo maana fomu yao ya mtandaoni huuliza hadhi yenu mwanzoni kabisa, na anayejibu "hatuna" mara nyingi hasomwi zaidi ya hapo. Kuna upenyo mdogo kisheria: kikundi cha hisani ambacho kwa kawaida hakiingizi zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka huweza kuhesabiwa kuwa 501(c)(3) bila kuomba. Kwa dola 6,200 huenda mmeshauvuka, na hata mkiwa ndani yake, msomaji wa wakfu anataka kuona kwa macho yake barua ya IRS ya kuwatambua.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kupata barua yenu wenyewe. Mnasajili shirika lisilo la faida kwa Katibu wa Jimbo la Ohio, ada dola 99, kisha mnajaza Fomu 1023-EZ ya IRS mtandaoni, ada dola 275. Fomu hiyo fupi ni ya vikundi visivyotarajia kuingiza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka katika miaka mitatu ijayo, na ambavyo mali yao haizidi dola 250,000. Walio juu ya hapo hujaza Fomu 1023 ndefu, dola 600. Ada hizi hubadilika, ziangalieni tena siku ya kulipa. Mtego mkubwa uko kwenye hati ya usajili: lazima iseme shughuli ni za hisani, na lazima iseme kwamba shirika likivunjwa, kitakachobaki kitakwenda kwenye shughuli nyingine ya hisani. Wengi wetu hunakili katiba ya chama cha nyumbani inayosema wanachama watagawana. Kwa sentensi hiyo moja mtakuwa mmejifungia mlango. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio nayo ina rejesta yake ya mashirika ya hisani, msiiruke.

Mkishapata barua, kila mwaka mtapeleka Fomu 990-N, ambayo kwa kikundi kidogo ni maswali machache ya mtandaoni, bure, dakika kumi. Isipopelekwa miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe kwa sheria. Nimeona vyama vya Wakongo, Warundi na Wasomali vikiipoteza namna hiyo, na kisa karibu kila mara ni kilekile: mwenyekiti alihamia Iowa akaondoka na nywila.

Njia ya pili ni mdhamini wa kifedha. Shirika lenye barua linakubali mradi wenu ukae kivulini mwake: ombi linaandikwa kwa jina lake, pesa inaingia kwake, na yeye ndiye anayewajibika mbele ya wakfu na IRS. Kwa kazi hiyo hukata ada, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10 ya ruzuku. Lazima muandikiane mkataba, na lazima mdhamini awe na sauti ya kweli juu ya matumizi. Akiwa ni bomba la kupitishia pesa tu, IRS hailikubali. Ulizieni shirika linalopokea wakimbizi hapo mjini, maktaba, au kanisa lenyewe linalowapa ukumbi, mradi litakubali kuwatengea hesabu zenu peke yake na si kuzichanganya na sadaka.

Mimi ningekuwa ninyi ningechukua mdhamini mwaka huu na kuanza polepole safari ya barua yetu wenyewe. Wapo watakaowaambia mdhamini ni utumwa. Ni wale wanaodhani barua ya IRS ndiyo inayoleta pesa. Barua inafungua mlango tu, na ikifika kabla hamjazoea kutunza vitabu inakuwa mzigo.

Sasa nifike kwenye sentensi iliyonisumbua kuliko zote, na najua itauma. "Pesa hiyohiyo hutusaidia mwenzetu akifiwa." Mmeiandika kwangu kwenye swali, lakini mmeiandika pia kwenye ombi, ukurasa wa nne, kwa fahari, kama ushahidi wa umoja. Nami naielewa fahari hiyo. Nchi ya watu, bila msiba kushikwa na wenzako, ni upweke usiosemeka. Lakini msomaji wa wakfu akifika hapo huandika pembeni alama ya kuuliza, na alama hiyo haifutiki.

Kisheria, shirika la hisani lipo kwa ajili ya umma, au kwa kundi pana lisilo na orodha ya kufungwa, kwa mfano watoto wa wakimbizi wa mji mzima. Watu 22 wanaochangiana kwa misiba yao wenyewe wanasaidiana. Ni jambo jema, bibi zetu walilifanya na sisi tunalifanya, ila mbele ya IRS haliitwi hisani. Mkilichanganya na kazi ya watoto katika akaunti moja, kazi ya watoto nayo inachafuka.

Nina sababu yangu ya kulikazia hili. Zamani nilikuwa mweka hazina wa chama kimoja cha watu wetu, na tulikuwa tumepata ruzuku yetu ya kwanza, dola 5,000, ya kuwafundisha wazee Kiingereza. Wiki ya tatu mwenzetu akafiwa na mumewe. Maiti ilipaswa kusafirishwa nyumbani, mchango haujafika nusu, na wenye nyumba ya maiti wanataka pesa yao kabla ya Ijumaa. Tulikaa hadi saa sita usiku. Mzee mmoja akasema, tuazime za mradi, tutarudisha. Hakuna aliyekuwa na roho ya kusema hapana mbele ya mjane, hata mimi niliyeshika kitabu cha hundi. Tulitoa dola 3,200 na tukarudisha zote, hadi senti ya mwisho, ndani ya wiki saba. Siku ya ripoti taarifa ya benki ilionyesha pesa imetoka na imerudi. Nilieleza ilivyokuwa. Ofisa alinisikiliza, akanipa pole ya dhati, na hatukupewa tena ruzuku pale. Yeye sikumlaumu. Pesa ya ruzuku ya mradi ni amana yenye jina la mradi juu yake, na tulikuwa tumeitia saini.

Kwa hiyo, Mama, kabla ya fomu yoyote: akaunti mbili. Mchango wa misiba na likelemba, yaani upatu, ubaki kwenye chama chenu cha kusaidiana, na daftari lake, na watu wake wa kutia saini. Kazi ya watoto iwe na akaunti yake, au hesabu yake kwa mdhamini, na watia saini wawili ambao si ndugu wala si mume na mke. Mwanachama akitaka kuchangia kwenye vyote viwili, anachanga mara mbili. Na kwenye kikao msingoje msiba ufike ndipo mkubaliane kwamba pesa ya watoto haiguswi. Kubalianeni sasa, wakati hakuna anayelia, muandike kwenye muhtasari.

Dola 40,000. Najua ilivyotokea: fomu ilisema "hadi dola 40,000", nanyi mkaandika 40,000. Msomaji aliyekaa na maombi sitini hufanya hesabu moja ya haraka: mwaka jana waliingiza 6,200, sasa wanataka zaidi ya mara sita yake. Hajiulizi kama mnastahili, anajiuliza kama mtaweza kuishika bila kuvunjika, na baada ya mwaka mmoja itatoka wapi nyingine. Ruzuku ya kwanza ni kama mtu anayekukopesha sufuria: anakupa ndogo, anaona inarudije.

Nimechukua maelezo yenu nikayapigia hesabu upya. Mna wiki 30 za shule, siku mbili kwa wiki, yaani vikao 60. Waalimu wawili viongozi, saa mbili kila kikao, dola 15 kwa saa: 3,600. Mchango wa ukumbi, dola 40 kwa kikao: 2,400. Chakula chepesi cha watoto, dola 30 kwa kikao: 1,800. Vitabu na karatasi, 600. Bima, 700. Jumla 9,100. Mkiomba 7,500, na mdhamini akikata asilimia 8, ongezeni 600, iwe 9,700. Zinazobaki, 2,200, ni zenu: michango ya wanachama na mauzo ya chakula ya kiangazi mliyoyataja. Mkipata bei halisi badala ya makadirio yangu, wekeni halisi.

Angalieni mambo mawili katika hesabu hiyo. Kwanza, waalimu wamelipwa. Kwenye ombi lenu mliandika kwa majivuno kwamba kila mtu anajitolea, halafu hapohapo mkaomba 40,000. Msomaji hakuelewa zinakwenda wapi. Mama anayeacha zamu ya ghala ili afundishe watoto 18 anastahili malipo, na wakfu nyingi hulikubali hilo likiandikwa waziwazi. Wale wengine wanaojitolea, wanaowachukua watoto kwa magari yao na kupika, andikeni saa zao kwenye daftari kila wiki. Huo ni mchango wenu pia, na una safu yake kwenye bajeti. Pili, ukumbi na bima vimo. Kuna woga wa kuficha gharama za uendeshaji ili bajeti ionekane safi. Bajeti isiyo na bima hunifanya mimi niwaze watoto 18 ndani ya magari ya watu binafsi, barabara yenye barafu, na nani atalipa.

Halafu maandishi yenyewe. Mmeanza hivi: "Tunasaidia wakimbizi wote wa Afrika kushinda changamoto za maisha mapya na kufikia ndoto zao." Sentensi hiyo inaweza kuwa ya kikundi chochote, mji wowote. Wakfu wa jamii unafungwa na ramani. Unataka kujua mtaa gani, shule gani, watoto wangapi. Kutoka kwenye kurasa zenu hizohizo nimetoa hii: "Kila Jumanne na Alhamisi jioni watoto 18 wa familia 11 zinazozungumza Kiswahili na Kibembe hukutana kwenye ukumbi wa kanisa, kutembea dakika kumi kutoka shuleni kwao. Wengi waliingia shule ya Marekani wakiwa darasa la pili au la tatu bila kujua kusoma kwa lugha yoyote. Wazazi wao hufanya zamu ya jioni, kwa hiyo nyumbani hakuna wa kuwasomea." Hakuna neno la kupamba hapo, na yote mliyaandika ninyi, ila mliyaficha kwenye ukurasa wa tano.

Kurasa mbili na nusu za mwanzo zinasimulia vita. Nimezisoma kwa heshima, na najua aliyeziandika aliyaona. Lakini nashauri ziondoke, ibaki sentensi moja. Sababu ya kwanza ni ya kikazi: wakfu hauwezi kufanya chochote kuhusu vita ya Uvira huko Kivu Kusini, unaweza kufanya kitu kuhusu Jumanne jioni hapo Dayton. Ya pili ni ya heshima. Machozi yakishauzwa mara moja, kila mfadhili atakuja kuyanunua, na watoto watakuwa wakipigwa picha wakiwa na huzuni hadi wamalize sekondari. Mna picha moja ya binti akicheka na kitabu kichwani. Muulizeni mama yake, atoe ruhusa ya maandishi, muweke hiyo.

Mtaulizwa pia mtajuaje kama kazi imefaa. Msiandike kwamba watoto wote watafaulu. Hamna mamlaka juu ya hilo na msomaji anajua. Fanyeni jambo dogo linaloweza kupimwa na mama yeyote mwenye saa ya mkononi. Mwezi wa tisa kila mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, mwalimu ahesabu maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja. Mwezi wa tano arudie kwa ukurasa wa ugumu uleule. Pamoja na daftari la mahudhurio, hiyo ni ripoti nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusoma kutoka mashirika yenye ofisi za vioo.

Neno dogo kuhusu lugha. Ombi la pili linaonekana limeandikwa na programu ya kompyuta, au na mtu aliyeandika kama programu. Siku hizi kwenye kamati tunapokea maombi thelathini yanayosema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, na jicho linateleza juu yake. Andikeni kwanza kwa Kiswahili, kikao kizima, mmoja akiandika na wengine wakimkosoa. Kisha mmoja wa vijana wenu afasiri kwa Kiingereza chepesi. Kosa la sarufi halijawahi kumnyima mtu ruzuku mbele yangu. Ombi lisilo na mtu ndani yake limewanyima wengi.

Na kabla ya kuandika, pigeni simu. Kwenye tovuti ya wakfu kuna jina la ofisa wa ruzuku na namba yake. Watu wetu huogopa hapa; lafudhi, aibu, na mazoea ya nyumbani kwamba ofisini huingii bila kujuana na mtu. Hao wameajiriwa kuzungumza na ninyi. Mwandikie kwanza ujumbe mfupi kuomba dakika ishirini, na kama unataka mkalimani sema hivyo bila kuona haya. Ukimpata, eleza kazi yenu kwa sentensi tatu, kisha muulize ni mfuko gani unaofaa na unafunguliwa lini, kikundi chenye mdhamini kinaruhusiwa au hapana, na kwa kikundi cha ukubwa wenu wamekuwa wakitoa kiasi gani mara ya kwanza. Halafu muulize kwa nini ombi la pili lilikataliwa. Huenda akasita kidogo, lakini wengi hujibu, na jibu lake ni la thamani kuliko yote niliyoandika hapa, kwa sababu yeye alikuwa chumbani na mimi sikuwepo. Mkaribishe aje Alhamisi moja. Asifanyiwe sherehe wala kuimbiwa na watoto. Akute watoto wanasoma, apewe chai na andazi, akae pembeni aone.

Akikuambia tena hapana, muulize kama anamjua mwingine. Kuna vilabu vya hisani, makanisa na mifuko ya familia yenye pesa ndogo ambayo haina hata fomu, na ofisa wa wakfu wa jamii huwa anaijua yote.

Mmeuliza pia kuhusu jina. Mwambieni kijana asante, jina libaki. Wakfu wa jamii unapenda kujua unampa nani, na jina la Kiswahili linasema mapema kuliko ukurasa mzima kwamba ninyi ni wenyewe na hamkutumwa na mtu. Chini yake wekeni mstari mmoja wa Kiingereza unaosema mnafundisha watoto kusoma baada ya shule. Ila kuna jambo mlilitengeneze kabla ya yote. Kwenye barua ya EIN neno la pili la jina lenu limeandikwa "Wamama". Kwenye taarifa ya benki ni "Wa Mama", maneno mawili. Kwenye ombi ni "Akina Mama". Kwenu ni kitu kimoja, lakini kwa kompyuta ya wakfu hayo ni mashirika matatu. Chagueni moja kwenye kikao kijacho, muandike kwenye muhtasari, kisha mmoja aende benki na mwingine aiandikie IRS.